Honi wa Uyole Alivyofungwa Mdomo

Ndugu zangu, nawasalimu kwa sauti niliyobakiziwa. Ni ndogo na inakwaruza, lakini ni yangu. Mlio nyuma msiosikia msinipigie kelele "paza!", sogeeni mbele, viti vipo. Nimeombwa nishuhudie nilivyougua na nilivyopona, ili mwenye mgonjwa nyumbani asikate tamaa, na mwenye kiburi kama changu akipunguze mwenyewe kabla hakijapunguzwa na kisu.

Mimi ni Ambakisye, mtoto wa Uyole hapa hapa, ila wengi mnanijua kwa jina la Honi. Miaka kumi na saba nilikuwa mpiga debe pale stendi. Basi likisimama, mimi ndiye ninayelijaza. "Tukuyuuu! Kyelaaa! Makambako, Mafinga, Iringa, twende, bado wawili tu!" Wawili tu hata kama gari lina dereva peke yake, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sauti yangu ilivuka barabara, ikapita soko la viazi, ikamfikia mke wangu Mama Neema kwenye genge lake la mboga, akajua leo nimeamka vizuri au vibaya. Nilijivunia jamani, nisiwadanganye. Wenzangu walikuwa na mashamba, mimi nilikuwa na koo.

Sasa siku moja akaja mjini Mbeya mhamasishaji kutoka Dar. Suruali imembana, viatu vinang'aa, maiki kaivaa sikioni. Nikaenda kumsikiliza. Akasema, "Kila mmoja wenu ni shujaa! Shujaa huitwa, huacha kijiji chake, huvuka mto, huua joka, hurudi na hazina! Wewe hapo, unasubiri nini?" Alikuwa anauliza tu, kama wanavyouliza wao. Mimi nikasimama nikajibu, "Hakuna!" Ukumbi mzima ukageuka. Hata yeye alishtuka, maana mimi bila maiki nilimzidi yeye mwenye maiki. Nikajua nimeitwa. Nami nitakuwa mhamasishaji.

Nikaacha stendi kesho yake. Nikauza nguruwe wawili wa mke wangu bila kumwambia, nikanunua suti na spika. Mama Neema alipokuta banda tupu akaniuliza, "Baba Neema, nguruwe wako wapi?"

Nikamjibu, "Nimevuka mto."

Akachungulia tena bandani. "Na nguruwe umevuka nao?"

Nikamweleza habari za joka. Akasema, "Sawa. Ukishaliua ulete nyama, maana Krismasi hatuna nyingine."

Koo lenyewe, kusema kweli, lilikuwa limeanza kunisumbua miezi mingi nyuma. Asubuhi sauti ilitoka kama mlango wenye kutu. Nikawa nakohoa mpaka natoa machozi, nahisi kama punje imenasa, nikimeza haishuki, nikikohoa haitoki. Nikatafuna tangawizi. Nikameza mayai mabichi, nikameza kitunguu saumu kizima kizima, hata abiria wakawa wanapanda basi haraka ili wanikimbie. Rafiki yangu mmoja akanishauri nisukutue kwa pombe kali. Nilisukutua, na kwa kuwa sipendi kutupa kitu, nikameza. Siku moja nilipotema nikaona uzi wa damu, nikaufukia kwa kiatu ili mke wangu asiuone.

Kumbe aliuona. "Nenda hospitali," akaniambia.

Nikamwambia, "Shujaa hupita kwenye majaribu."

Hotuba yangu ya kwanza niliifanya kwenye kiwanja cha shule. Walikuja watu kumi na wawili, na watatu kati yao walikuwa wanasubiri mvua ikatike. Nikavaa suti, nikawasha spika, nikavuta pumzi ya miaka kumi na saba, nikasema, "Amka, shu..." Basi. Ukatoka upepo mtupu. Nikajaribu tena, upepo. Mzee mmoja mbele akamwuliza mwenzake, "Ndiyo imeisha?" Nikasimama pale nafungua na kufunga mdomo, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi. Niliogopa, ndugu zangu. Niliogopa kuliko siku niliyomzika mama yangu, maana siku ile angalau nililia na nikajisikia.

Mama Neema hakunisema. Alifunga nguo kwenye mkoba, akanipeleka kwao Iringa, kwenye njia ya kwenda Tosamaganga, anakokaa mama yake mjane, ili tuwe jirani na hospitali na tuwe na pa kulala. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, mikono ya baridi. Akaniingiza puani mpira mwembamba wenye taa, ukashuka mpaka kooni. Makamasi, machozi, mate, vyote vilinitoka kwa pamoja, nikamshika mke wangu mkono mpaka pete ikamwumiza. Daktari akanionyesha kwenye kioo cha mashine: nyuzi mbili nyeupe za sauti, na juu ya mmoja kinyama chekundu, saizi ya punje ya maharage.

Nikakitazama kile kinyama. Ndugu zangu, nilikuwa nimejiandaa kwa joka. Nimeuza nguruwe kwa ajili ya joka. Kumbe ni harage!

"Umepiga kelele miaka mingapi, baba?" akauliza daktari.

Nikamwonyesha vidole, kumi, halafu saba.

"Basi imetosha," akasema. Akaeleza kwamba kinyama si saratani kwa anavyokiona, watapima kuhakikisha, lakini lazima kitolewe. "Nikishakitoa, siku kumi hakuna neno. Hata kunong'ona hapana, hata kukohoa kwa makusudi hapana. Ukivunja, panakuwa na kovu, na sauti haitarudi tena. Umenielewa?" Nikafungua mdomo kujibu ndiyo. Mke wangu akanifunika kwa kiganja.

Wakanipasua. Nilizinduka koo linawaka, ulimi mzito, naona mke wangu ameinama juu yangu. Vipimo vikarudi vizuri, tukamshukuru Mungu, mimi kwa kichwa na yeye kwa mdomo. Kisha akarudi Uyole kwa watoto, akaniacha kwa mama mkwe. Siku kumi.

Hapo ndipo vita ilipoanza. Ninyi mnajua Wahehe na salamu. Mtu akikukuta njiani anasimama, anakwambia "Kamwene", nawe unaitikia "Kamwene", mnaulizana ya nyumbani, ya shambani, ya ng'ombe, mpaka kila mtu ajue mwenzake ameamkaje. Mkwe anayepita bila kuitikia ni mkwe gani huyo? Mke wangu alikuwa ameniachia kipande cha boksi cha kuvaa shingoni, kimeandikwa NIMEKATAZWA KUONGEA. Siku ya kwanza mzee mmoja akakisoma polepole, akanitazama kwa huruma, akasema, "Pole, mwanangu. Hata mimi mke wangu yuko hivyo hivyo." Akanipiga begani, akaenda zake.

Wengine hawakuwa na huruma. Siku ya tatu zikaenea habari kwamba mkwe wa yule mama, yule Mnyakyusa, ana dharau. Siku ya tano zikabadilika: hana dharau, amerogwa. Siku ya sita mama mkwe alikwenda mashineni kusaga, nikabaki uani peke yangu. Mara nikaona majirani wanaingia, wanne, wa kikundi cha maombi. Walikuja kwa upendo, siwezi kuwasema vibaya. Mmoja alikuwa jibaba lenye mikono ya kukata mbao. Akaniwekea kiganja utosini.

"Wewe pepo bubu," akasema, "mwachie!"

Nikamwonyesha boksi langu. Akasoma. "Mnaona? Amekatazwa! Nani amekukataza? Mtaje!"

Wakaanza. Huyu ananitikisa mabega, yule ananipiga mgongoni, wote wanaamuru kwa sauti kubwa, "Sema! Sema! Sema!" Mimi Honi! Miaka kumi na saba watu wananiomba ninyamaze, leo wanne wananililia niseme! Na neno lilikuwepo, jamani. Lilikuwa "Jamani!" lenyewe. Nililisikia linapanda kutoka tumboni, linafika kifuani, linagonga kwenye kidonda. Nikaling'ata shati langu kwenye kola. Nikabana mpaka masikio yakavuma na machozi yakanitoka. Jibaba akawaambia wenzake, "Analia, linakaribia kutoka, ongezeni!" Nikasema moyoni, Ee Mungu, ulinipa sauti nikaichezea, nipe kimya hiki kimoja tu nisikiharibu.

Mama mkwe akaingia na ndoo ya unga kichwani. Hakuishusha. "Mnamfanya nini mkwe wangu?"

"Tunamtoa pepo bubu, mama."

"Pepo gani! Amepasuliwa koo huyo! Mnataka afe kwa maombi?" Akaitua ndoo chini, vumbi la unga likaruka. "Na sikilizeni. Tangu mume wangu afariki, huyu ndiye mtu wa kwanza kukaa na mimi nikamsimulia jambo mpaka mwisho. Sijamaliza hata habari za ule ukuni uliomwangukia kuku. Atakayemfumbua mdomo kabla sijamaliza, tutaonana."

Wakaniomba radhi, wakanywa chai. Yule jibaba alirudi kesho yake na ndizi.

Mama mkwe ni fundi cherehani, anashona sare za wanafunzi. Kwa kuniogopea nisije nikasahau nikaongea, kila asubuhi alinijaza pini mdomoni. "Zishike hapo," akasema, "ukitaka kusema utajichoma." Nikawa namkabidhi pini moja moja. Siku ya saba akanipa kupinda pindo. Siku ya nane akaniketisha kwenye cherehani. Suruali yangu ya kwanza niliishona mguu wa kulia kwa mguu wa kushoto, ikawa gunia lenye mkanda. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. "Hii tutampa nani," akauliza, "samaki?" Nami nilicheka bila sauti, mabega yakitikisika na pini zikinichoma mdomoni.

Lakini mikono ilianza kupenda. Mteja akija, anasimama nimpime, na kwa kuwa sisemi, anasema yeye. Ananiambia suruali inabana wapi, halafu anaendelea, mtoto amefeli, mume hajarudi. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba watu wana maneno mengi hivyo. Nilidhani ni mimi tu.

Leo nina cherehani yangu hapa Uyole, karibu na soko. Spika niliiuza nikaongezea. Wenzangu wa stendi wakipita wananichokoza, "Honi, rudi bwana, magari hayajai!" Siku za mwanzo iliniuma, nisiwafiche. Basi likisimama, miguu yangu inasimama yenyewe. Siku moja nilifika mpaka mlangoni, mdomo umeshafunguka, nikaufunga nikarudi kukaa. Yule mhamasishaji aliniambia niache kijiji, nivuke mto. Mimi nimehama kutoka upande huu wa barabara kwenda upande ule, na ilinichukua mwaka mzima na kisu kooni.

Kwa hiyo nawaomba. Mtu akikaukiwa sauti, wiki ya kwanza mpe chai ya tangawizi. Zikipita tatu, mpeleke hospitali, usimpe mayai yangu. Anayeambiwa na daktari anyamaze, anyamaze, na walio naye wamsaidie kunyamaza. Na wewe unayetaka kuacha kazi ukaanze nyingine, anza, usiogope, hata ukiwa na mvi kama mimi. Ila mwambie mkeo kwanza. Namshukuru daktari, namshukuru mama mkwe, nawashukuru hata wale wanne wa maombi, kwa maana walinifundisha kwamba naweza kunyamaza.

Wengi mnaniuliza neno langu la kwanza lilikuwa lipi. Siku ya kumi Mama Neema alirudi Iringa kunipeleka hospitali. Daktari akachungulia kooni, akaniambia nitoe "aaa". Ikatoka, nyembamba, ya jogoo anayejifunza kuwika, lakini ikatoka. "Sauti ipo," akasema. "Leo dakika tano tu. Chagua maneno." Tukatoka nje, tukakaa kwenye benchi. Hotuba nilikuwa nayo tayari, nimeitunga siku kumi, ina mto, ina joka, ina hazina, nimeipanga nisizidishe. Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri, vumbi miguuni, amekonda, ananitazama mdomo bila kupepesa macho, anaogopa kwamba hakitatoka kitu. Hotuba yote ikanipotea.

Nikasema, "Nisamehe, mke wangu."

Akaziba uso kwa khanga. Nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alipoishusha alikuwa anacheka pia.

"Miaka kumi na minne tangu unioe nimelisubiri hilo neno," akasema. "Kumbe masikini lilikuwa limezibwa na kinyama!"