Koo la Fundi Misumari

Baba yangu alikuwa fundi wa makochi, na kazi hiyo aliifanya kwa mdomo kuliko kwa mikono. Sisemi kwamba aliwadanganya wateja, ingawa kochi la "njoo kesho kutwa" liliweza kukaa karakana mpaka mwenye nalo akazoea kukaa chini. Nasema mdomo wenyewe. Asubuhi alichota konzi ya misumari midogo yenye kichwa bapa, akaitupa mdomoni, akaisukuma shavuni kwa ulimi, kisha akawa anaitoa mmoja mmoja katikati ya midomo, tayari kwa nyundo. Mkono mmoja ulivuta kitambaa, mwingine uligonga, na muda wote huo alikuwa anaongea. Alipatana na wateja, alimwita Mama, alibishana na fundi redio wa jirani, yote hayo kwa mdomo uliojaa chuma. Mtaa mzima ulimwita Misumari, na hakuna aliyewahi kumwona akimeza hata mmoja.

Jambo hilo lilimpa kichwa kikubwa. "Koo langu lina adabu," alikuwa akisema. "Halimezi mpaka niliruhusu." Wengine hujivunia watoto wao. Sisi watoto tulikuwepo, tumesoma, tuna kazi, lakini sifa zilikwenda kwenye koo.

Saa nne asubuhi tu ndipo alipoitema misumari yote kwenye kifuniko cha kopo. Saa hiyo Mama aliingia karakana na vikombe viwili vya chai, wakakaa kwenye benchi lisilo na kitambaa, maana kwa fundi wa makochi hakuna kochi la nyumbani, na wakanywa bila kusema kitu. Ndiyo nafasi pekee ambayo mdomo wa Baba ulikuwa hauna kazi, na Mama hakuipoteza kwa maneno. Ukiniuliza ndoa yao ilikuwa wapi, nitakwambia ilikuwa kwenye lile benchi.

Basi kiharusi kikampitia. Kidogo tu, asubuhi moja, akiwa anakaza mkanda wa kochi, ule unaobeba sponji. Mkono ulirudi, mguu ulirudi, uso ukanyooka, tukamshukuru Mungu na kuanza kusahau. Kisha akanywa maji, akapaliwa. Akanywa chai, akapaliwa. Akala mkate, akapaliwa na makombo. Koo lenye adabu lilikuwa limekosa adabu mbele za watu.

Shangazi alifika siku hiyo hiyo. Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Maisha yake yote ameuza mabomba na koki, kwa hiyo anajihesabu daktari. "Koo ni bomba," alitutangazia, mkoba ukiwa bado mkononi. "Bomba likigoma unafanyaje? Unaliinamisha, kitu kinateremka chenyewe. Mdogo wangu, tazama juu." Akamwinua Baba kidevu, akammiminia maji. Baba alikohoa mpaka macho yakamtoka. "Umeona?" Shangazi akasema, ameridhika kabisa. "Limeanza kuzibuka."

Kwa bahati hospitali tuliyompeleka ilikuwa na mtu anayeshughulika na kumeza tu. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya kunong'ona, na Baba alimpa jina la Mwalimu kabla hajakaa. "Nimefika umri huu," aliniambia kwa sauti ya kusikiwa na wodi nzima, "ndipo napelekwa darasa la kumeza." Mwalimu hakukasirika. Alimuuliza kazi yake, Baba akamwambia, na misumari inakaa wapi.

"Mzee, weka vidole hapa," alisema, akimgusa pale mbele ya shingo. "Sasa meza mate. Umesikia kitu kimepanda? Hilo ni zoloto, sanduku la sauti. Nyuma yake, pale njia ya chakula inapoanzia, kuna msuli. Umeshikwa upande huu wa gegedu, mfupa ule laini, ukazunguka nyuma, ukaja kushikwa upande ule. Saa zote umekaza. Ukilala umekaza, ukiongea umekaza, ili hewa isishuke tumboni na vya tumboni visipande juu. Ukimeza ndipo unalegea, kwa muda usiofika sekunde moja, halafu unakaza tena."

"Kumbe ni mkanda," Baba akasema.

"Ni mkanda. Ila ukilegea tu haitoshi. Kuna misuli midogo chini ya kidevu inayovuta zoloto juu na mbele, na hapo ndipo mlango unafunguka. Wakati huo huo kidakatonge kinainama kufunika njia ya hewa. Kwako wewe, hiyo ya chini ya kidevu imepungua nguvu. Mlango unafunguka nusu. Maji yanafika, yanakuta pamebana, yanasubiri, na ukivuta pumzi yanaingia kwenye mapafu. Maji yana haraka. Kitu kizito kinakwenda polepole, kinaupa mlango nafasi."

Mimi nilimwelewa. Mama alimwelewa. Shangazi alikuwa anatazama koki ya sinki la wodi, akitikisa kichwa kwa jinsi ilivyofungwa vibaya.

Masharti yalikuwa haya. Kidevu chini, kielekee kifuani, kisielekee juu hata kidogo. Meza kwa nguvu, kisha meza tena mara ya pili hata kama mdomo ni mtupu. Usiongee na kitu mdomoni. Misumari marufuku. Na kila cha maji kitiwe unga mweupe tuliopewa hospitali mpaka kiwe kizito. Daktari mkubwa alipita akaongeza lake bila hata kukaa: maji yakiendelea kuingia mapafuni, mzee atatobolewa tumbo na kuwekewa mrija, na kuanzia hapo hatakula wala kunywa kwa mdomo. Alisema kama mtu anayekuambia duka linafungwa saa ngapi. Njiani kurudi nyumbani Baba alisema neno moja tu, "Chai," na akageukia dirishani.

Chai ilikuja, saa nne kama kawaida. Baba alikitikisa kikombe, chai haikutikisika. "Mke wangu," alisema, "hii nikiipaka kwenye mbao itashika sponji." Lakini Mama alikaa pale kwenye benchi na kikombe chake, akamsubiri, na Baba akainamisha kidevu, akameza, akameza tena.

Laiti tungeishia hapo. Tuna bahati mbaya ya kupendwa. Shangazi alikuja akakuta mdogo wake ananyweshwa gundi, akaenda kulia jikoni. "Wifi, mnamtesa," alimwambia Mama. "Mtu anaomba maji ya kunywa kwenye nyumba yake!" Mama alimweleza habari ya mkanda tangu mwanzo, kwa upole ambao mimi sina. Shangazi alifuta machozi akasema ameelewa. Mtu wa ukoo wetu akisema ameelewa, ficha vitu vya thamani.

Mchana huo nilikuwa sebuleni, na nilichokiona nilikiona kwa macho yangu. Shangazi alitoa chupa ya maji kwenye mkoba. Baba, mzee mzima, akachungulia mlangoni kama mtoto aliyeona sukari, akaipokea, akapiga funda kubwa. Kabla hajameza, Mama akatokea.

Mtu mwingine angetema. Mtu mwingine angemeza haraka akakamatwa kwa kikohozi. Fundi Misumari alifanya alichokifanya maisha yake yote: aliyasukuma maji shavuni kwa ulimi, akaufunga mdomo, akamtazama mkewe kwa uso mkavu. Nina hakika alijiona mjanja kupindukia.

"Fundi," Mama akamuuliza, "yule mwenye kochi la kijani anakuja lini?"

Na Baba akajibu. Tangu alipojifunza kazi alikuwa anawajibu watu mdomo ukiwa umejaa. "Kesho kutwa," alisema, neno alilolisema kuliko jina lake mwenyewe. Lakini msumari ukiusukuma shavuni unatulia. Maji hayatulii. Yalimteremkia yote, na kwa kuwa alikuwa anaongea, mlango wa hewa ulikuwa wazi na ule mkanda umekaza vilevile kama Mwalimu alivyosema. Alikuwa wa bluu kabla sijavuka sebule. Nilimpiga mgongoni, Mama akamwinamisha, Shangazi akapiga kelele, "Inua kichwa! Inua kichwa!" Nilikuwa sijawahi kumtukana mtu aliyenizidi umri, na siku ile nilifidia yote.

Alipata nimonia. Alilazwa, akakonda, akatazama dari. Daktari mkubwa akaagiza mrija. Ni yule Mwalimu wa kunong'ona aliyekwenda ofisini kwake, na sijui alinong'ona nini, akarudi na ruhusa ya mpaka mwisho wa mwezi. Mazoezi, kisha picha. Picha ikiwa mbaya, tumbo litatobolewa.

Mazoezi yenyewe yalikuwa ya kuchekesha, kama hujui yanahusu nini. Baba alilala chali sakafuni karakana, bila mto, mabega yamegusa chini, akainua kichwa peke yake mpaka akaona vidole vyake vya miguu, akakaa hivyo akitetemeka, akakishusha, akakiinua tena. Ndiyo namna ya kuitia nguvu ile misuli ya chini ya kidevu. Wateja waliingia wakamkuta fundi wao chini anakagua miguu yake. Fundi redio alimuuliza kama kuna kidole kimepotea. Baba, ambaye zamani angemjibu kwa nusu saa, aliendelea kuinua kichwa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akiacha ubishi umpite.

Siku ya picha tuliwekwa nyuma ya kioo, mimi na Mama. Picha hiyo haisimami, inatembea: unameza uji mweupe wa dawa mbele ya mashine na kila kitu kinaonekana. "Mzee, una chuma chochote mdomoni?" mpiga picha akauliza, kwa kuwa kila mgonjwa huulizwa hivyo.

"Leo sina," Baba akajibu, amechukia.

Nikaliona koo la baba yangu kwenye skrini. Baada ya sifa zote zile, ni kitu kidogo tu. Uji ulishuka nyuma ya ulimi ukasimama. Mama alinishika mkono akaubana mpaka kucha zikaingia. Kisha kifupa kidogo kilicho juu ya zoloto kikaruka juu na mbele, mkanda ukaachia, na ule weupe ukapita wote ukaenda zake. Walimpa wa majimaji, sehemu ndogo ikachepukia njia ya hewa, akakohoa. Mwalimu alisimamisha mashine akatugeukia. Mrija hapana, alisema. Atakula kwa mdomo. Maji mepesi hapana, labda asiyapate tena. Mama alisema asante, akatoka nje haraka, akalia kwa sauti kwenye korido iliyojaa watu.

Baba alirudi karakana. Misumari sasa inakaa kwenye kopo kiunoni, na kazi inakwenda polepole mno, wateja wa kesho kutwa wamekuwa wa mwezi ujao. Shangazi bado anakuja. Juzi alimtengea maji glasi nzima mbele ya watu wote, kwa mapenzi tu, na Baba akaisogeza taratibu. "Dada," alimwambia, "kunywa wewe, na uiname." Sijui kama alinywa, ila hajasema neno bomba tangu hapo.

Siku hiyo hiyo saa nne niliingia karakana. Vikombe viwili vilikuwa kwenye benchi, na Mama alikuwa ameinuka kuchukua kijiko. Nilikuwa na kiu, nikakishika kikombe chake nikapiga funda. Gundi. Nilidhani nimechukua cha Baba, nikakitazama cha pili: gundi nacho.

"Mama," nikamwambia, "wewe una ugonjwa gani?"

"Mimi? Sina."

"Sasa chai hii ya nini?"

Alininyang'anya kikombe, akakaa mahali pake. Baba alikuwa ameinamisha kidevu, anameza mara ya pili, hasikilizi mtu. Mama akateremsha sauti.

"Nilikuwa nakunywa ya kawaida. Namaliza kabla yake. Akiona kikombe changu kitupu, anaharakisha."

Nilikuwa na la kumjibu, mimi huwa ninalo. Badala yake nilikaa sakafuni, pale Baba anapolala kutazama vidole vyake, nikawasubiri wamalize.