Mtandao wa Tano Ndani ya Makontena

Sijawahi kuona bahari. Nilizaliwa Elburgon, ambako maji mengi niliyoyajua utotoni yalikuwa ya mvua ndani ya mapipa. Hata hivyo nilikuwa nimejifundisha mwenyewe, kwa simu iliyopasuka kioo, namna ya kulinda meli za kijeshi dhidi ya Wi-Fi zisizoruhusiwa. Sijisifu. Naungama tu kwamba mimi ni mtu wa kusoma jambo mpaka nijue kila kitu kulihusu, isipokuwa lenyewe.

Mwalimu wetu alikuwa mzee wa Nakuru, wa familia iliyopanda kutoka Pwani zamani, aliyefanya kazi ya mawasiliano melini miaka mingi kabla ya kustaafu. Nyuma ya ghala moja huko Industrial Area aliyachomelea makontena manne yakawa kitu kimoja, mawili chini na mawili juu, akaweka ngazi za chuma na milango mizito. Hiyo ndiyo ilikuwa meli yetu. Waliofaulu mtihani wake wangeenda Mombasa, kujiunga na kikundi cha kukagua meli zikiwa zimetia nanga.

Siku ya kwanza alitueleza hatari yenyewe.

"Meli ya vita inazima taa ili isionekane," alisema. "Sasa baharia mmoja amewakumbuka watoto wake, anaficha kamashine ka Wi-Fi nyuma ya bomba. Hako ni taa. Wewe hukaoni, adui mwenye mitambo anakaona. Tena ni mlango. Akiingia hapo, anaanza kutafuta njia ya kufika kwa vyombo vya meli."

"Si wanajua ni makosa?" niliuliza.

"Wanajua. Lakini kila mtu anadhani yake haihesabiki."

Kwa hiyo sheria yake ilikuwa moja na haikuwa na msamaha: hakuna kuingia na kifaa chako. Ukipatikana nacho, unatoka na hurudi.

Tulifanya mtihani wawili wawili. Mwenzangu alikuwa msichana wa Ndabibi aliyeacha kibarua katika shamba la maua ili aje kwenye mafunzo haya. Nafasi yake kule ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine. "Nikianguka hapa sina pa kurudi," aliniambia akicheka, kama anayesimulia habari za jirani.

Asubuhi ya mtihani nilikuwa na orodha niliyoiandika na kuinakili upya mara tatu kwa sababu ya mwandiko. Simu kubwa. Simu ndogo. Saa. Spika za masikioni. Langoni palikuwa na kikapu, nikaweka kimoja baada ya kingine huku nikitia alama. Msichana alitupa simu yake moja akasimama kunisubiri.

"Boss, unahama ama unaingia mtihani?"

Mzee alinipa kipimo, mashine ndogo inayoonyesha mitandao yote iliyo karibu na nguvu za kila mmoja. Alikuwa ameficha vifaa vinne. Kimoja tulikipata ndani ya mkebe wa rangi, kingine nyuma ya godoro, cha tatu juu ya taa. Cha nne msichana alikitoa ndani ya kifuko cha unga hata kabla kipimo hakijatulia.

Lakini kipimo kilionyesha mtandao wa tano, usio na jina.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuchanganyikiwa. Kontena la kwanza, nguvu kamili. La pili, nguvu ileile. Nilisimama pembeni, nikachuchumaa, nikageuka. Haikubadilika. Nilikuwa nimesoma kwamba chuma hurudisha mawimbi na kumdanganya mpimaji, nikamweleza msichana hivyo kwa maneno mengi. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kwa hivyo chuma ndio kinadanganya," alisema.

"Inawezekana."

"Ama wewe."

Ndani kulikuwa na joto la bati. Nilivua jaketi, nikampa anishikie, nikapanda ngazi na kipimo mkononi. Juu, nguvu zikapungua. Nilifurahi sana, kwa sababu hatimaye kitu kilikuwa kinabadilika. Kisha msichana akapanda kunifuata, na nguvu zikarudi. Nikamwomba ashuke. Zikashuka naye. Nikamwomba apande tena.

"Wewe, unafuata signal ama unanifuata mimi?"

Sikucheka. Nilipima mara tano, kama nilivyosoma kwamba mtu apime, na mara zote tano mtandao ulikuwa unatembea na yeye. Nilitoka nikamwambia mzee. Nilimwambia kwa sauti ya chini, kwa adabu, na nikampa namba zote.

Mzee alimketisha kwenye benchi nje na kumwambia aondoe kila kitu mifukoni. Msichana alinirudishia jaketi kwanza. Kisha akatoa ufunguo, leso, mafuta ya midomo, na peremende mbili.

"Sina kitu, mzee. Nitoe nini tena? Viatu?"

"Binti, kipimo hakina undugu na mtu. Amekupima mara tano. Chukua simu yako uende."

Ndipo nilipohisi uzito katika mfuko wa ndani wa jaketi. Mifi yangu, kile kisanduku cha intaneti cha kubeba mfukoni. Njiani kutoka Elburgon nilikuwa nimeiwasha ili nisome maandishi yangu mara ya mwisho. Jina lake nililificha mwenyewe miezi mingi iliyopita, nikijivunia kwamba nimejua kulificha.

Ningependa kuandika kwamba nilisema hapohapo. Sikusema. Na si kwamba nilikuwa napanga kumwacha aende, ingawa siwezi kuapa. Nilikuwa naipitia orodha kichwani. Simu kubwa, simu ndogo, saa. Nilikuwa natafuta mahali orodha ilipokosea. Nikagundua kwamba mifi haikuwamo kwa sababu kwangu haikuwa kitu cha mtu binafsi, ilikuwa chombo cha kazi, kama bisibisi. Nikaanza hata kujiuliza kama ningeiandika kabla ya saa au baada yake. Wakati huo wote msichana alikuwa anatembea. Alifika kwenye kikapu, akapekua vitu vyangu kutafuta simu yake, akaiwasha. Niliisikia ikilia ule mlio wa kuwaka.

"Ni yangu," nilisema.

Mzee aligeuka. Niliitoa mifi nikaiweka kwenye kiganja chake, taa yake ya kijani ikiwa bado inawaka.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Alipokuwa hapa kwenye benchi."

"Benchi?" Msichana alikuwa amerudi na amesimama nyuma yangu. "Mimi nimetoka benchi zamani. Nimefika mpaka gate."

"Nilikuwa nafikiria."

"Ulikuwa unafikiria nini?"

Sikuweza kumwambia kwamba nilikuwa nafikiria orodha. Alinyoosha mkono na kuchukua kipimo kwangu. Aliirudisha simu yake kikapuni.

"Wewe nenda nje ya lango," mzee aliniambia, bila hasira. "Na hii uende nayo mbali, binti apime upya."

Niliizima na kuvuka barabara. Kutoka pale nilisikia mlango wa chuma ukifungwa, viatu vyake vikipanda ngazi, kisha kimya kirefu ambacho nilishindwa kukielewa. Je, kama kungekuwa na mtandao wa tano kweli? Najiuliza mpaka leo kama kwa dakika moja sikuomba uwepo.

"Ni nne!" sauti yake ilitoka ndani ya bati. "Mzee, ni nne peke yake! Njoo uone!"

Mzee aliinuka akaenda kuona.