Silabi Mgongoni mwa Mama

Mnisamehe kwanza mwandiko huu, na maneno nitakayoandika vibaya. Niliishia praimari, na mkono wangu huenda polepole hata siku ambayo haujachoka. Leo umechoka.

Msimu wa kuchuma kahawa, kambi yetu ya wafanyakazi wa shamba karibu na Ruiru ilinuka maganda. Yalitoka mtamboni yakiwa mekundu na matamu, na kufikia kesho yake yalikuwa yamechacha, harufu ikaingia kwenye blanketi, kwenye uji, kwenye nywele za mama. Mama alichuma tangu umande haujakauka. Mimi na dada yangu Njeri tulimfuata na mtoto mchanga, na jioni tulimsaidia kuchambua kahawa juu ya gunia lililotandazwa chini, nyekundu huku, mbichi kule, kabla nyapara hajaja kupima. Njeri alikuwa amesoma mpaka darasa la pili, akatolewa ili alee mtoto. Hakulia mbele ya watu. Lakini mwaka ule aliamua kwamba mimi nitaingia shule Januari. Mwalimu wa shule ya kanisa alikuwa na desturi yake: madawati yalikuwa machache, basi mtoto asiyeweza kusoma silabi ubaoni alirudishwa nyumbani kungoja mwaka mwingine. Mimi nilikuwa nimeshawahi kurudishwa. Nikirudishwa tena ningepewa kikapu changu cha kuchumia, na pale kambini mtoto aliyepewa kikapu hakuonekana tena shuleni.

Njeri alinifundisha kwa kahawa ileile. Zilizoiva alizipanga zikawa a, e, i, o, u. “Hizi zimeiva, zinalia zenyewe,” alisema. Kwa zile mbichi alipanga m, t na k. “Hii ni mbichi, haina sauti yake. Funga mdomo. Mmm. Sasa tembeza kidole mpaka kwenye iliyoiva.” Nilitembeza kidole kutoka kijani hadi nyekundu, na mdomo ukafunguka wenyewe: ma. Nilicheka kwa mshangao. Nilikuwa mtoto wa aibu, sikucheka mara nyingi.

Jioni moja nyapara alitukuta katikati ya somo. Njeri aliogopa, akazoa zote kwa mikono miwili akazitia kwenye debe la mama. Nyapara aliingiza mkono, akatoa kahawa mbichi, akaiinua juu watu waione. “Mama Njeri, siku hizi unachuma kwa macho au kwa kiwiko?” Wanawake walicheka. Debe lote lilimwagwa chini lichambuliwe upya, na tulipomaliza, nyapara alikuwa amekwenda zake. Kazi ya siku nzima ikawa ya bure. Mama hakutupiga. Alisema tu, “Kahawa ya watu si kitabu. Basi.”

Nilidhani mambo yameisha. Lakini kila jioni mama aliinama kando ya moto, paji la uso juu ya magoti, nami nikamkanda mgongo kwa mafuta ya mbarika, kwa sababu magunia yalikuwa yamemwumiza. Njeri alitutazama. “Usikande ovyo,” akaniambia. “Mwandikie.” Nikaandika kwa dole gumba, kutoka bega hadi bega.

“Hiyo ni nini, mama?” Njeri aliuliza.

“Ni mchwa anatembea. Mwambie akaze, hii ni ngozi ya kubebea magunia.”

Nilikaza. Njeri alimtajia mama kila sauti, leo hii, kesho ile, kwa kuwa mama hakujua herufi hata moja. Msimu ulipokaribia kwisha, mama alizitaja kabla Njeri hajafungua mdomo. Macho yake yalikuwa yamefumbwa wakati wote.

Januari ilifika. Tulipanga foleni na wazazi wetu, na zamu yangu ilipofika mwalimu aliandika “me” ubaoni. Niliijua. Ilikuwa imejaa mdomoni lakini haikutoka. Nyuma yangu mtoto mmoja alisema, “Bubu wa kambini!” Mwalimu alifuta ubao. “Huyu bado, mama. Mrudishe.”

Mama hakubishana. Alifungua shuka lake, akachuchumaa mbele yangu akinipa mgongo, uso juu ya magoti asiuone ubao. “Mwalimu, andika tena. Nawe niandikie alichoandika.”

Mwalimu akaandika silabi nyingine, nami nikaiandika mgongoni mwake. “To,” mama akasema kwa sauti. Mwalimu akaandika nyingine. “Ku.” Kisha akaandika neno zima. Mama alitikisa bega. “Ya pili irudie, umeparura kama kuku.” Nikairudia. “Moto,” akasema.

Mwalimu alijifuta chaki mikononi. “Sasa mama, nimwandike nani shuleni?”

“Andika huyu. Mimi nina kahawa.”

Njeri alikuwa nje na mtoto. “Uliongea?” aliuliza. Nikasema la. “Umechukuliwa?” Nikasema ndiyo. “Haiya,” alisema, akamhamishia mtoto kwenye kiuno cha upande wa pili, wakaondoka na mama kwenda shambani.

Sasa nafanya kazi katika kiwanda cha mananasi Thika. Njeri ameolewa Ngoliba, naye amemleta binti yake akae kwetu ajifunze kusoma. Mtoto huyu ana kitabu chenye picha na kibao chake cha kuandikia, na shule ya hapa haimrudishi mtu. Lakini mimi narudi jioni vidole vimechubuliwa na maji ya mananasi, nafungua ukurasa mmoja, na macho yanajifumba. Nilimwuliza Njeri aliwezaje, maana alikuwa mtoto tu, na kwa hakika hakuna aliyechoka kumpita mwaka ule. Alisema, “Sijui. Nilitaka mmoja wetu akalie dawati.”

Wewe unayesoma haya, kama umewahi kumfundisha mtoto nyumbani baada ya kazi, niandikie kupitia gazeti hili jinsi unavyofanya. Tumia herufi kubwa, tafadhali. Barua nitampa mtoto huyu wa Njeri aifungue, aisome mwenyewe.