Bodi Iliyosuguliwa kwa Ndimu

Mama yangu alipoanza kuwa mzito wa kusikia, watoto wa Murusagamba walimwamkia njiani, "Shikamoo bibi," naye akakaa kimya. Ikasemwa kwamba anaringa. Mama, ambaye hajawahi kumnyima mtu marahaba! Iliniuma sana.

Kazi yangu ni kutengeneza redio huko Runazi. Nikamtengenezea kikuza sauti kidogo chenye maiki na hedifoni. Bodi yake niliichora mwenyewe kwenye bamba la shaba, nikaitumbukiza kwenye dawa inayokula shaba isiyochorwa, nikalehemu vipuri. Siku ya kwanza mama alicheka kusikia kuku wake wakidonoa mahindi.

Lakini kitu chochote anachokipenda hukifunga kwenye pindo la kitenge, kifuani. Jasho likapenya, mvua nazo zikaja, shaba ikaota kutu ya kijani na sauti ikakwaruza hadi ikakatika. Badala ya kuniita, akaifanyia bodi kile anachoyafanyia masufuria yake: ndimu na jivu.

"Tazama, mwana wanje, mwanangu, inang'aa!" aliniambia nilipokuja kumsalimia.

Ilikuwa inang'aa kweli, na imekufa. Jivu limejaa kwenye miguu ya vipuri, na ndimu ilikuwa bado inaitafuna shaba polepole. Mimi nina hasira za karibu, mdomo ulishafunguka. Kisha nikaviona vidole vyake, vimechubuka kwa kusugua. Nikaufunga.

Tuliisafisha pamoja. Nikatoa betri na maiki, tukaosha bodi kwa mswaki laini na maji safi, tukarudia kwa spiriti, tukaianika kwenye ungo mpaka ikakauka kabisa. Nikaunga njia za shaba zilizokatika. Mwisho nikaipaka rangi yangu ya kucha, ile isiyo na rangi, ili unyevu usipate pa kuingilia, nikiacha wazi sehemu ya betri na tundu la hedifoni.

"Na mimi nipake, nisiote kutu," akasema, akaninyooshea mkono. Nikampaka kucha zote.

Jioni akavaa kifaa chake, akaketi mlangoni kungoja wapita njia. Watoto wakapita kutoka shule.

"Hakijapona," akaniambia.

"Kimepona mama. Si unanisikia?"

"Mbona basi hawaniamkii?"

Watoto walikuwa wameshazoea kumpita kimya, na hilo halisafishwi kwa spiriti. Nikazunguka nyuma ya migomba, nikatokea njiani nikiwa nyuma ya watoto, nikapita mbele yake kama mgeni. Sikupaza sauti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba!"

Watoto wakageuka. Mmoja akarudi hatua chache, akajaribu, "Shikamoo bibi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako hajambo?"

Wakarudi wote, wakimwamkia kwa kupokezana, naye akamjibu kila mmoja, na wa mwisho akamjibu mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshaingia tena kwenye migomba, nikijifuta machozi.