Dinamo ya Kumzika Baba

Baba alikufa Jumatano, mazishi yakawa Ijumaa. Alhamisi nzima nilikuwa Voi, chini ya pikapu yake, nabadilisha dinamo. Ndugu zangu walikuwa wanalia nyumbani, mimi natafuta spana.

Sababu ilikuwa shangazi, dada yake baba. Aliolewa ng'ambo ya bonde, upande wa Chawia, na miguu ilishamkataa. Akatuma neno: "Kama siwezi kumzika, nimsikie akizikwa." Kanisa letu lilikuwa na spika ya mikutano ya nje, mdomo wake kama ua la boga, lakini ilikuwa inakula umeme kama mgeni asiye na haya. Pikapu ya baba ilikuwa ya kubeba kabichi. Dinamo yake ilitosha taa mbili tu, na hizo zenyewe zilikuwa zinawaka kwa wasiwasi.

Fundi wa gereji, Mkamba mmoja mnene, akanipa dinamo kubwa ya lori la vita lililofia pale nyuma. Tukaikatia chuma cha kuishika, tukatafuta mkanda mrefu, tukaongeza betri ya pili, tukang'oa waya za zamani, nyembamba kama uzi wa mkonge, tukaweka nene.

"Leo huna hata mzaha?" fundi akaniuliza.

"Nimeuacha nyumbani na maiti. Wanaangaliana."

Hakucheka. Hata mimi sikucheka.

"Haya, sikiza," akasema. "Injini isizimwe. Hizi betri ni kuukuu. Ukizima, spika itazimaliza mara moja."

Ijumaa nikaegesha pikapu ukingoni, spika ikaangalia bonde, injini ikinguruma. Pasta akaanza, sauti ikaenda mpaka ng'ambo, mbwa wa kule wakabweka. Nikaona kazi imeisha.

Halafu pasta akasema tuombe. Kwetu watu wakiomba hata kuku anafukuzwa. Mzee mmoja wa kanisa akatembea polepole mpaka kwenye pikapu, kofia mkononi, akazima injini kwa heshima zote. Nilimwona. Nilijua. Mdomo wangu, ule ulionichapisha viboko miaka yote ya shule, ukakaa kimya.

Maombi yalikuwa marefu. Kabla jeneza halijashuka, spika ikakohoa, ikanyamaza. Nikajaribu kuwasha injini. Haikutoa hata mlio.

Mama akanishika mkono. "Wewe siku zote una maneno. Panda pale kwenye jiwe umwambie shangazi yako."

Kwetu watu wameitana mlima kwa mlima tangu zamani, kwa ng'ombe aliyepotea, kwa mtoto aliyezaliwa. Nikapanda. Pasta akisema mstari, mimi napiga kelele kwa Kidawida, lugha yetu. Mavumbi kwa mavumbi. Anashuka sasa. Wanafukia sasa. Nilikuwa kama mtu anayetangaza bei ya nyanya sokoni. Sikusikia kitu ndani.

Jioni nikashuka bonde, nikapanda ng'ambo. Shangazi alikuwa mlangoni, kitambaa kichwani.

"Ulisikia, shangazi?"

"Ile mashine ilikuwa inakwaruza tu, sikushika neno. Halafu nikamsikia ndugu yangu."

"Nilikuwa mimi."

"Najua, mwanangu. Lakini ni sauti yake."

Akanipa uji. Nikanywa wote, haukuwa na ladha. Kesho yake nikafungua waya zote, maana spika ilitakiwa kanisani Jumapili.