Namba Iliyogawanyika kwa Tisa

Nilirudi likizo Temeke kutoka chuoni Kampala nikiwa nimejaa hesabu na kiburi, na sijui kipi kilizidi. Nikakuta posa ya dada yangu imekwama. Karani mmoja wa bandarini, mkaazi wa Kinondoni, alikuwa amemposa, na dada alimtaka kwa dhati, ila mwalimu wa nyota alikuwa ameikataa ndoa, na baba alimwamini.

Mwalimu huyo alikuwa na utaratibu wake. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani, naye alijumlisha herufi za jina la mtu pamoja na la mama yake. Dada alitoka 1,236, mchumba 2,118. Akazizidisha, akapata 2,617,848, akagawa kwa tisa. Haikubaki hata moja. Kwake yeye, ndoa isiyobakisha kitu ni nyumba isiyokalika.

Mie nikaomba penseli na karatasi. Mama alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, dada yuko nyuma ya pazia la chumbani, anasikiliza.

"Baba, jina la dada peke yake haligawanyiki kwa tisa, wala la mwenzake. Ila yote mawili yanagawanyika kwa tatu. Tatu ikizidishwa kwa tatu ni tisa, basi. Ukifanya hesabu hii kwa watu wowote, karibu ndoa moja katika kila nne itatoka hivihivi. Ingekuwa kweli, robo ya Temeke ingekuwa imeachana."

"Kwani haijaachana?" akauliza baba.

Mama akacheka kidogo. Ningeishia hapo, pengine baba angelainika. Alikuwa ameanza kuitazama karatasi. Lakini nilikuwa msomi, na msomi hatosheki na hoja moja kama anaweza kutoa mbili. Nikaandika jina la baba na la mama yake, kisha la mama na la mama yake. Nikajumlisha, nikazidisha, nikagawa. Haikubaki kitu.

"Haya, mmeona?" nikasema, nimefurahi kama niliyevua samaki mkubwa. "Hata ninyi mmegawanyika sawasawa. Na mmekaa miaka ishirini na sita."

Baba akamgeukia mama, akingoja amuunge mkono. Mama aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja moja.

"Mwambie mwanao," baba akasema.

"Nimwambie nini? Kukaa nimekaa."

Alilitamka bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Baba akavaa kofia yake, akatoka. Mie nikabaki na penseli mkononi, nikijaribu kukumbuka lini niliwahi kuwasikia wakizungumza jambo lisilohusu chakula au wageni.

Dada akatoka chumbani. Hakuitazama karatasi. Alichuchumaa mbele ya ungo.

"Mama, ungeambiwa mapema, ungekubali kuolewa?"

Mama akapepeta mchele kwa muda mrefu, mpaka pumba zikaisha, na bado akapepeta.

Ijumaa baba mdogo alikwenda Kinondoni kuirudisha barua ya posa, kwa ombi la dada mwenyewe. Baba alidhani ni mwalimu wa nyota aliyeshinda. Dada hakumsahihisha, na mie sikuthubutu.