Kisiwa cha Baba

Juzi tangazo la likizo za Karibi lilitokea kwenye simu yangu: bahari ya buluu, minazi, na juu ya jabali kijiukuta cha mawe cha kuegemea watalii wanapotazama mandhari. Nililifuta upesi.

Picha ya namna hiyo ilitundikwa sebuleni kwetu Didia. Baba, mchimbaji wa dhahabu Geita, alikuwa amesimama mbele ya kijiukuta kama hicho, kavaa miwani myeusi. Alisema wakubwa wa mgodi walimpeleka kisiwani, na kwamba safari ijayo ingekuwa yetu. Nikawatambia darasa zima.

Alasiri moja Mama alinipeleka Kagongwa. Mashine za mpunga zilinguruma na pumba iliniwasha pua. Tukaingia studio nipigwe picha ya shule. Nyuma ya kiti lilining'inia pazia linalonuka rangi, limechorwa minazi, jabali na kijiukuta cha mawe.

Niliruka kwa furaha. "Mama, kisiwa cha Baba!"

Mama alikuwa anatazama ubao wa picha za wateja. Baba alikuwemo, mbele ya minazi ileile, na miwani yake, kamkumbatia mwanamke aliyepakata mtoto.

"Kumbe mnamfahamu Baba Neema?" aliuliza mpiga picha. "Jirani yangu huyo. Na huyo ndiye mkewe."

Kwetu aliitwa Baba Kabula. Kabula ni mimi.

Mama alinishika mkono, machozi yakimtoka. "Ng'wanone, mwanangu, twende."

Nilidhani analilia safari. Njia nzima nilimbembeleza: "Nyamaza, Mama. Hao kawatanguliza tu. Zamu yetu inakuja."